Mishi Aliyeomba Mioyo ya Mbuzi

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo popote mlipo. Ni Ijumaa alasiri. Nawajua, mmeshakula wali na wengine mmejinyoosha. Msilale kwanza. Mimi ni Aidarus, na leo nimekuja na habari ya mwanamke mmoja wa Al Nahda. Wengi wenu mlimjua kwa jambo moja tu. Ndiye yule aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba, Idi ya kuchinja ikikaribia, akiomba mapafu.

Naam, huyo huyo. Jina lake Mishi binti Aboud. Mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Mke wa Nassor, muuza manukato kule Al Mankhool. Mama wa mtoto mmoja, Rumaisa. Alifariki hapa Dubai mwezi wa Julai mwaka jana, mwaka 2017, kwa maradhi ya moyo. Nasema tena kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Mishi binti Aboud, aliyefariki mwaka jana kwa maradhi ya moyo.

Kuna watu walimcheka, tuambiane ukweli. Kuna waliomhurumia pasipo na haja. Na kuna jambo nyumbani mwake ambalo hakuna aliyelijua, nami nimelisikia juzi tu, nilipokwenda kukaa na familia yake. Wamenipa ruhusa nilisimulie.

Mishi hakuwa mwalimu. Wala hakuwa mtu wa sayansi. Mumewe Nassor aliniambia, akicheka huku macho yamejaa maji: "Mke wangu alikuwa haangalii damu. Kuku hununua aliyekatwakatwa tayari. Samaki nikimleta na kichwa, humfunika kwa gazeti mpaka nimkate mimi."

Mwanamke huyo ndiye Mungu aliyempa Rumaisa.

Rumaisa alipokuwa mdogo, mjusi kafiri alikatika mkia nyuma ya mlango wa jikoni. Mtoto mwingine angepiga kelele. Rumaisa akachutama pale, akautazama ule mkia ukicheza peke yake mpaka ukatulia, kisha akauliza, "Mama, nani alikuwa anauchezesha?" Aliniambia hivyo shoga yake, Bi Jalia, jirani yao Mzanzibari, ambaye mtamsikia leo. Anasema Mishi aliondoka pale jikoni ameshika kiuno, akisema, "Huyu mtoto atanimaliza."

Sasa, wazazi mlio hapa mnajua habari ya skuli za mji huu. Ada ilikuwa mlima. Nassor na Mishi walijaribu mwaka mmoja, wakashindwa. Kumrudisha mtoto Mombasa kwa bibi yake, Mishi hakutaka hata kusikia. Akasema, "Ntamsomesha mwenyewe, hapa hapa." Hivyo ndivyo Rumaisa alivyosomea nyumbani, katika chumba kimoja cha fleti ya kushirikiana, meza ya kulia ndiyo darasa. Mpango ulikuwa mmoja: akifika miaka kumi na sita, afanye mtihani wa kumaliza sekondari kama mtahiniwa wa nje. Hesabu walipata mtu wa kumsaidia. Kiingereza alijisomea. Lakini roho ya Rumaisa ilikuwa kwenye baiolojia.

Mishi akamtafutia vitabu. Alivipata kwa familia zinazohama, maana hapa kila mwezi kuna mtu anayerudi kwao na kuacha vitu. Akavibeba nyumbani kwenye kigari cha sokoni, amefurahi kama aliyeokota dhahabu. Rumaisa akavisoma, akavimaliza. Siku moja akamgeuzia mama yake kitabu penye mchoro wa moyo, akamwambia:

"Mama, picha haina nyuma."

"Vipi haina nyuma?"

"Nikigeuza naona ukurasa mwingine. Nataka nione moyo wenyewe. Nijue nyuma kukoje."

Wasikilizaji, hapo ndipo yalipoanzia yote. Skuli ina maabara. Nyumbani kwa Mishi kulikuwa na sinki moja, tena la kushirikiana na wenzao wa fleti. Lakini alikwenda. Yule mwanamke wa kufunika samaki kwa gazeti, akaenda soko la samaki Deira, akasimama mbele ya wale wanaoparua samaki, akawaomba vichwa vyenye matamvua. Wakamuuliza, vya mchuzi? Akasema, vya kusomea. Wakacheka, wakampa. Akarudi kwa metro na mfuko mapajani, amejifunika pua kwa ncha ya leso. Nyumbani akauweka mezani, akageuka ukutani, akasema, "Haya, mwanangu, fungua. Mie niambie tu unachokiona."

Ndivyo walivyosoma tangu siku ile. Mtoto anakata, mama anatazama ukuta, mtoto anasimulia. Nassor alisema, "Akawa anajua baiolojia yote kwa masikio."

Baada ya samaki, Rumaisa akataka mnyama anayenyonyesha. Moyo, mapafu, figo, jicho. Na Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia. Mnajua wenyewe, hapa hatuchinji majumbani. Watu wetu wa Al Nahda hupeleka mbuzi wao machinjioni upande wa Al Qusais, wakarudi na nyama yao kwenye mifuko. Mishi akazunguka nyumba za watu wa pwani, mlango kwa mlango. "Idi njema ikifika, mkichinja, nikumbukeni. Moyo, mapafu, na kichwa chenye macho yake. Hata mkinipa hayo tu, yatosha."

Hakueleza ni ya nini. Aliona aibu. Mwanamke mzima kusema mwanawe anapasua mbuzi mezani, watu wangemwonaje?

Basi sisi watu wa pwani tukafanya lile tunalolijua. Mama anaomba mapafu! Mapafu tunawapa paka. Mama anayeomba mapafu, nyumbani kwake hakupikwi. Habari ikazunguka kabla Idi haijaisha. Ati Nassor amefukuzwa kazi na arbabu, tajiri wake. Ati mtoto hasomi skuli kwa sababu hata chakula hakuna. Na sahani zikaanza kuja. Sahani zimefunikwa vitambaa, pilau, biriani, sambusa, mlango unagongwa, mtoto anakabidhiwa, aliyeleta ameshaondoka asije akamtia mtu haya.

Nassor anasema, "Mimi narudi kazini, nakuta meza imejaa chakula cha watu. Nikamwambia, Mama Rumaisa, mbona twalishwa? Akanambia, mume wangu, sijui, labda ni Idi. Idi ikapita wiki mbili, sahani zaja tu."

Na nyinyi mnajua sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mishi kila sahani iliyokuja aliirudisha na kitu. Mahamri, visheti, vibibi. Akawa anapika usiku na mchana kurudisha shukrani za chakula ambacho hakukihitaji! Na mtaa nao ukasema, masikini, hata hana kitu lakini angalia anavyojikaza. Wakaongeza sahani.

Mimi nilipoirudia sauti yake hapa studioni nilicheka mpaka fundi mitambo wetu akanifunga kipaza sauti. Mishi mwenyewe, nadhani, angependa tucheke kidogo hapa. Maana mbele hakuna cha kucheka.

Aliyeukata mzunguko ule wa sahani ni Bi Jalia. Yeye hakutaka kuacha chakula mlangoni. Alitaka kuingia, akae, amuulize Mishi kwa upole kuna nini. Msikilizeni mwenyewe, haya ndiyo maneno aliyonipa:

"Miye nikabisha hodi nikaingia zangu. Namkuta mtoto kavaa glavu, mbele yake sinia, juu ya sinia moyo wa mbuzi umefunguliwa kama kitabu! Na Mishi kauelekea ukuta kama aliyetiwa adabu. Nikasema, jamani, huu ni uganga? Mtoto akanambia, la, bibi, hii ni baiolojia, njoo nikuonyeshe. Na wallahi akanionyesha. Akanishika kidole akakitia kwenye mshipa. Nikamwambia Mishi, we mwanamke, mbona hukusema? Mtaa mzima unakulisha!"

Bi Jalia akatoka pale akautangazia mtaa. Na tangu siku ile, wasikilizaji wapendwa, sahani zikaendelea kuja, zimefunikwa vitambaa vile vile. Lakini ukifunua, unakuta jicho la ng'ombe. Unakuta figo. Mtu kaenda kuvua samaki, kamletea Rumaisa pweza mzima. Mwingine karudi safari, kaleta mifupa ya kuku aliyoichemsha na kuikausha juani. Watu wale wale waliodhani wanamlisha mwenye njaa, wakawa wanamsomesha mtoto.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye hakufurahi, angalau mwanzoni. Carolyne, mwenzao katika fleti ile, anayetoka Kakamega. Chumba chake kilitazamana na chao, na friza ilikuwa ya wote. Carolyne anasema: "Nilikuwa nimetoka shift nimechoka, nikafungua friza nitoe kuku yangu. Aki, macho inaniangalia! Macho mbili ndani ya mkebe wa aiskrimu. Nikapiga nduru. Mishi akakuja mbio, ananiambia pole dada, pole dada, hiyo ni ya kesho."

Lakini Carolyne alifanya kazi kwenye kliniki moja kule Oud Metha, msaidizi wa wauguzi. Hakukaa na hasira. Siku moja akaja na zawadi. Kliniki ilikuwa imenunua vifaa vipya, na daktari akamruhusu achukue kimoja cha zamani: kile chombo cha kuvaa masikioni cha kusikiliza moyo, stethoskopu. Mpira wake ulikuwa umeanza kupasuka. Rumaisa akalala nacho shingoni.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Rumaisa alisikiliza moyo wa kila mtu. Wa baba yake. Wa Carolyne. Wa Bi Jalia, ambaye alivua ushanga kwa heshima. Hata mlinzi wa chini ya jengo alifungua vifungo vya shati. Watu wote wa mtaa ule walisikilizwa. Mtu mmoja tu alikataa. Kila Rumaisa akimkaribia, Mishi alisimama: "Nna mchuzi motoni." Mchana, jioni, hata siku isiyo na mchuzi, jibu ni hilo hilo.

Mishi alikuwa anaumwa moyo. Alikuwa anaumwa tangu utotoni. Akiwa msichana mdogo Kisauni alipata homa iliyomvimbisha viungo, ikamwachia mlango mmoja wa moyo usiofunga sawasawa. Nassor alijua. Daktari wa hapa alishamwambia: hali imeanza kuharibika, mlango huu urekebishwe kwa upasuaji, usikawie. Na njia ya kutibiwa ilikuwepo. Mkumbuke hilo.

Mishi akasema, baada ya mtihani.

Carolyne naye aliona. Mtu wa kliniki haoni kama sisi. Akaona miguu imevimba jioni. Akaona Mishi analala ameegemea mito. Akamshika mkono jikoni, akamwambia, "Mishi, hii si uchovu. Enda hospitali." Mishi akamwapisha asiseme. Maneno yake Carolyne anayakumbuka: "Dada, mtoto huyu akijua, atafunga kitabu aje anikande miguu. Mie namjua. Niachie amalize mtihani wake. Kisha nipasueni mtakavyo."

Nassor akamsihi. Akamgombeza. Anasema, "Nilitaka kumwambia mtoto. Akanambia ukisema, sitakusamehe. Nami nikanyamaza."

Ipo siku moja ambayo Rumaisa aliikumbuka mwenyewe. Alikuwa na moyo wa mbuzi kwenye sinia, mama yake ameelekea ukuta kama kawaida. Akasema, "Mama, hapa kuna milango midogo. Ina nyuzi nyeupe zinazoishika. Ikiharibika, damu inarudi nyuma."

Mishi akauliza, bila kugeuka, "Na ikirudi nyuma, mtu anakuwaje?"

"Anachoka. Anapumua kwa shida. Miguu inavimba."

"Anapona?"

"Kitabu kinasema wanaweza kuutengeneza mlango. Akiwahi."

Mishi akasema, "Haya, funika hiyo sinia, baba yako anakuja kula."

Mtihani ukafika. Mwaka jana, mwezi wa Mei na Juni. Mishi alimsindikiza mwanawe kila siku ya baiolojia. Alikaa nje kwenye kiti, akivuta uradi, mpaka mtoto atoke. Karatasi ya mwisho iliangukia ndani ya Ramadhani. Rumaisa alitoka akicheka, kwa sababu walikuwa wameuliza habari za moyo. Mishi akamkumbatia pale pale mbele ya watu.

Nassor akasema, haya, twende hospitali. Mishi akasema, mtihani umekwisha lakini hii Ramadhani, nani atawafuturisha? Baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha. Akasema, hebu tule Idi kwanza.

Wasikilizaji, mimi nilikasirika. Nawaambia kweli. Najua marehemu hasemwi vibaya, na simsemi vibaya. Lakini nilipokuwa nimekaa katika chumba kile nikisikia baada ya hiki, baada ya kile, nilitaka kumrudia mwanamke yule katika wakati ule, nimshike bega, nimwambie yallah, Mishi, gari liko chini, panda. Nilikasirika kwa sababu nilishampenda.

Siku chache baada ya Idi alianguka jikoni. Gari la wagonjwa likaja. Madaktari walifanya walichoweza, lakini moyo ulikuwa umeshachoka sana, hawakuweza tena kuupasua.

Siku ya pili yake hospitalini, akaomba Rumaisa aletwe, na aje na chombo chake. Rumaisa akaja nacho shingoni. Mishi akajivuta kitandani, akatabasamu, akamwambia, "Leo sina mchuzi motoni. Njoo usikilize."

Rumaisa akavaa, akaweka kile kisahani kifuani kwa mama yake. Akasikiliza. Mama akauliza, "Wasikia nini?"

"Nasikia vizuri, mama."

Mishi akamtazama sana mwanawe. Akamwambia, "Kumbe na wewe wajua kudanganya." Wakacheka kidogo wote wawili. Alfajiri iliyofuata Mishi akatutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Alizikwa makaburi ya Al Quoz. Wanaume walikwenda, Rumaisa akabaki nyumbani na Bi Jalia. Na sahani zikaja. Zamu hii zilikuja na chakula kweli, na nyumbani mle kweli kulikuwa hakupikwi. Matanga yalipokwisha, Rumaisa alikanda unga, akapika mahamri, mengine yakaungua, akarudisha kila sahani kwa mwenyewe. Hakuna iliyorudi tupu. Mwezi wa Agosti matokeo yakatoka. Baiolojia alipata alama ya juu kabisa. Nassor aliipokea habari dukani, akafunga duka, akaenda kusimama nje kwenye jua.

Hapo nilidhani habari imekwisha. Nilikuwa nimeshazima kinasa sauti, naaga. Rumaisa, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na saba, mpole, anaongea kwa sauti ya chini, akaniambia, "Ami Aidarus, washa tena."

Nikawasha. Haya ndiyo aliyosema.

"Nilikuwa najua. Kabla ya mtihani, wakati wa baridi. Ilikuwa Ijumaa, mama kalala kwenye mkeka baada ya chakula. Nikamwekea chombo kifuani polepole, asiamke. Moyo mzima una sauti mbili. Wa mama ulikuwa na ya tatu, kama maji kwenye bomba. Nikaenda kwenye kitabu, kile alichoniletea yeye. Nikakuta. Nikajua kwa nini ananikimbia na mchuzi wake. Nikasema, hataki nijue. Nikimwambia, atahuzunika, ataona ameniharibia masomo. Basi nikasoma kwa bidii, nimalize haraka, ili aende hospitali. Mama alinitafutia kila kitu ili nijue, ami. Na nilipojua, sikumwambia."

Nassor hakuwa amelisikia hilo kabla. Carolyne, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, alikuja akamkumbatia.

Mama anamficha mwana. Mwana anamficha mama. Baba amefungwa mdomo, rafiki ameapishwa. Wote wanne walilijua jambo moja, ndani ya fleti moja, mlango kwa mlango, na kila mmoja alinyamaza kwa kuwapenda wenzake. Na wakati wa matibabu ukapita katikati yao.

Rumaisa, mwanangu, najua unasikiliza. Hukumuua mama yako. Ulikuwa mtoto, na ulifanya alivyokufanyia yeye. Soma. Mji huu mzima umekuchangia macho na mapafu, una haki ya kuja kukudai udaktari.

Kwako Nassor, ndugu yangu, pole. Kwa wazee wa Kisauni, poleni. Kwa Carolyne na kwa Bi Jalia, poleni nanyi, mmempoteza dada. Mwenyezi Mungu amlaze Mishi binti Aboud mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza. Uko kazini Oud Metha, uko kitandani Al Nahda, uko lindoni na redio ndogo sikioni. Kuna maumivu unayoyaficha ili wa nyumbani wasihangaike. Au kuna mtu wako unayejua anaumwa, naye hajui kwamba unajua. Umesema baada ya likizo. Umesema baada ya Idi. Idi ya kuchinja hii hapa inakuja.

Redioni tunafundishwa kimya ni aibu. Fundi mitambo ananitazama, mkono uko kwenye muziki. Nimemwomba autoe. Dakika zilizobaki za kipindi hiki sizijazi kwa neno wala wimbo. Nakuachia wewe. Simu iko karibu nawe. Mpigie.